Jibu la Tatu

Jumamosi, 28 Machi

Naandika ili nisimgombeze mtu. Joto la leo si la kusimulia. Wingu limekaa juu ya Jang'ombe tangu alfajiri na halidondoshi hata tone, nami nimetoka uani nikarudi ndani, nikatoka tena, mpaka Shangazi Nadra akaweka sindano chini. "Shemsa, wewe hukai kitako? Nenda kaoge au kaolewe, kimoja kati ya hivyo."

Shangazi ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Anashona kofia za viua, na ukimwagiza kofia leo, mfungo ujao ndipo uje kuulizia. Masikio yake yamekuwa mazito, kila mwaka yanazidi, lakini hilo halisemwi katika nyumba hii. Ukimwita anaitika "Naam" kabla hujamaliza jina. Ukimuuliza chochote akiwa amekupa mgongo, jibu ni hilo hilo. Leo muuza mkate alimuuliza anataka mingapi. "Naam, mwanangu, alhamdulillah," akaambiwa. Akaacha sita. Tumekula mkate mchana, tumekula mkate magharibi, na kesho tutaunywea chai.

Nyumba yetu iko bondeni, karibu na mtaro. Masika ya mwaka jana maji yalitufika magotini na friji ikafa. Mwaka huu angalau tuna kisanduku ukutani.

Jumatatu, 30 Machi

Nieleze kazi yangu, maana hata Shangazi anadhani natengeneza simu.

Ofisi yetu iko ghorofani, Kiponda. Bwana Abdulhakim, mwenye kampuni, amechukua kazi ya kuweka vipimo vya maji mtaroni na kisanduku cha tahadhari katika kila nyumba ya bondeni. Maji yakipanda, kisanduku kinalia. Kwa mtu asiyesikia, kinawaka taa nyekundu kali ambayo hata ukifumba macho utaiona. Mimi naandika programu kubwa, ile inayoamua nani aarifiwe na kwa njia gani. Muhiddin anaandika draiva, kile kijiprogramu kinachokaa katikati ya chombo na programu. Programu yangu haijui kisanduku kimeundwaje ndani. Inaiuliza draiva tu: hiki kinaweza kulia? Kinaweza kuwaka taa? Draiva inajibu, nami naendelea na mambo yangu. Kama mwenye nyumba hasikii na kisanduku chake hakina taa, programu inampigia simu jirani aende akambishie hodi mpaka atoke.

Shangazi nimemwandikisha kuwa ni mtu wa taa. Jirani yake ni Bi Maisara wa nyumba ya ghorofa. Shangazi mwenyewe sikumwambia, angeninunia mpaka mvua ziishe.

Muhiddin ni mtu wa Tumbatu, mpole mpaka anakera. Leo alinishika mlangoni nikiwa na haraka, akaanza habari zake za majibu. Ati chombo kikiulizwa, kuna ndiyo, kuna hapana, na pia kuna... Nikamkatisha. "Muhiddin, nna kazi."

"Haya, Bi Shemsa. Tutazungumza, inshaallah."

Inshaallah ya Muhiddin naijua. Ni hapana iliyovaa kanzu.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua imeanza adhuhuri. Hatimaye.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Nimesimama kwenye daraja la mtaro kutazama kipimo chetu. Kinafanya kazi. Mtaroni kuna mifuko, makopo na kandambili moja ya kulia inayozunguka pale pale. Nimerudi nyumbani nimerowa na Shangazi amenicheka.

Jumatatu, 6 Aprili

Shangazi kanambia alikuja kijana leo, akapanda kigoda, akanywa chai, akaenda zake. Kijana gani? Wa umeme au wa maji? "Naam," kanijibu, anatunga uzi.

Nguo hazikauki. Chumba kinanuka ukungu.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekasirika na bado nina hasira, kwa hiyo mwandiko ni mbaya.

Tangu Jumatatu kuna boksi jipya la visanduku ofisini, na leo ndipo nimelifikia. Kwa macho ni vile vile vya mwanzo, ganda jeupe na kioo chekundu mbele. Nikachukua kimoja, nikakiunganisha, nikakiamuru kiwake taa. Kimya. Nikakiamuru tena. Nikachukua bisibisi nikakifungua, na nyuma ya kile kioo chekundu hapana kitu. Hapana taa, hapana waya. Mtengenezaji ametumia ganda lile lile akaondoa kilichomo. Lakini kwenye skrini yangu, mbele ya kisanduku hicho hicho, imeandikwa: TAA: NDIYO.

Nikakipeleka kwa Muhiddin pamoja na kompyuta yangu. Bwana Abdulhakim alikuwa pale pale, anakunywa kahawa.

"Draiva yako inasema uongo," nikamwambia.

Muhiddin alikitazama kisanduku, akaitazama skrini yangu kwa muda, halafu akamtazama Bwana Abdulhakim. Akakohoa. "Labda tuangalie pande zote mbili, Bi Shemsa."

"Pande mbili zipi? Kisanduku hakina taa, programu yangu inaambiwa ipo. Nani anaiambia? Si draiva?"

"Kuna mambo kidogo hapo katikati..."

"Hakuna katikati. Draiva kazi yake ni kusema kilichopo. Haikuwekwa pale imfurahishe mtu."

"Ni kweli usemayo," kasema, sauti imeshuka. "Nitaangalia, inshaallah."

Bwana Abdulhakim akaweka kikombe. "Basi, yamekwisha. Hivi vipya visipelekwe mtaani mpaka Muhiddin atengeneze. Vya zamani vyote vina taa, au sivyo?"

Vina taa. Nilivijaribu mwenyewe, kimoja kimoja.

Nimekuwa nikizunguka chumbani nikilifikiria jambo hili. Muhiddin amelelewa katika nyumba ambayo mgeni haambiwi hakuna. Nilikwenda kwao siku ya harusi ya dada yake. Ukifika, hata kama sukari imekwisha, unaambiwa chai inakuja, na mtu anatolewa mlango wa nyuma kwenda kuazima. Nyumba nzuri sana kwa mgeni, lakini si mahali pa kujifunzia kuandika draiva. Ukiiuliza draiva kama taa ipo, huulizi ili ikustahi. Unauliza kwa sababu kuna mtu amelala na maji yanakuja.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua usiku kucha na asubuhi yote. Shangazi anashona kofia ya bwana harusi wa Mwera, wataka kuichukua mwisho wa mwezi. Ameniimbia wimbo wa utotoni, amesahau ubeti wa mwisho, ameniuliza. Nimemwambia. Hakunisikia, akaurudia wa kwanza.

Jumanne, 14 Aprili, Kiwengwa

Nimeletwa huku kufunga vipimo vya matangi katika hoteli moja. Hoteli kubwa, wageni wachache, kila mtu ananiuliza kama nimeshakula. Kina mama wa mwani wamefunika mwani wao kwa turubai, haukauki, na harufu inanifuata mpaka chumbani. Mmoja kanambia, "Hii mvua, mwanangu, ingetuacha siku mbili tu."

Nimempigia Shangazi, simu inaita tu. Nimempigia Bi Maisara. Kasema yuko salama, wamekula pamoja samaki wa nazi.

Jumatano, 15 Aprili, Kiwengwa

Muhiddin ameniandikia: "Bi Shemsa, ukirudi nna jambo nataka kukuonesha. Si la simu."

Kama ni posa, aseme. Kama ni draiva, atengeneze. Sikujibu.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimerudi. Muhiddin hayupo, amevuka kwenda Tumbatu, mama yake anaumwa. Draiva haijaguswa. Nilijua.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Mvua. Viatu vimeota ukungu.

Ijumaa, 24 Aprili

Ya jana nayaandika leo, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Jana sikuweza kushika kalamu.

Mvua ilianza kunyesha kwa nguvu kabla ya adhuhuri. Muhiddin alikuwa amerudi kazini, akaja mezani kwangu na kiti chake mkononi. "Tukae kidogo, Bi Shemsa?" Nikamwambia baadaye. Akarudisha kiti mahali pake.

Baada ya sala maji yalianza kupanda kwenye vipimo. Tukakusanyika wote mbele ya skrini yangu. Namba zikapanda, zikapita mstari, na programu ikaanza kazi. Majina ya nyumba yakawa yanageuka kijani, moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina: AMEARIFIWA. Bwana Abdulhakim alikuwa anapiga makofi kama yuko uwanjani. Akamtuma mtu alete kahawa na halua. Nikalitafuta jina moja tu. Bi Nadra: AMEARIFIWA KWA TAA. Kijani.

Sitalisahau hilo. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nilikaa kitako, nikaegemea kiti, nikavuta pumzi. Nilimwona Shangazi akilini mwangu anaamka kwa ile taa, anafunga kanga yake, anapanda ngazi za Bi Maisara huku analalamika.

Muhiddin alisimama nyuma yangu. Akasoma ule mstari. "Kisanduku cha bi mkubwa ni cha zamani au kipya?"

"Cha zamani," nikasema.

Miraji, fundi wetu wa kufunga visanduku, alikuwa karibu na mlango anakunja waya. Akainua kichwa. "Cha Bi Nadra? Nilikibadilisha zamani. Cha mwanzo kiliingia maji. Nilimfungia kimoja katika vile vipya siku vilivyofika tu, kabla ya bosi kuvizuia."

"Ulikijaribu?"

"Nilikijaribu. Kikalia vizuri. Nikamuuliza, bi mkubwa, na taa umeiona? Akanambia naam, mwanangu, Mungu akuweke. Akanipa chai."

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Muhiddin alikuwa ameshawasha vespa. Darajani maji yalikuwa yanafika kwenye mabomba ya moshi ya magari. Nilikuwa nampigia Bi Maisara njia nzima na mvua inaingia kwenye simu. Alipopokea nilikuwa napiga kelele.

"Bi Maisara, Shangazi yuko kwako?"

"Kwangu? Hayuko kwangu, mwanangu. Visanduku vinalia mtaa mzima, nami nimekaa hapa simu nnayo mkononi, nangoja nipigiwe. Sijapigiwa. Nikasema basi bi mkubwa keshatoka."

Alikuwa na simu mkononi. Anangoja. Nani amwambie aende wakati programu yangu imeshaandika kijani?

Vespa ilizimika kabla hatujafika, nikashuka nikakimbia, maji yananivuta miguu. Bi Maisara alikuwa ameshashuka na kanga yake imelowa mpaka kifuani, na Jecha, seremala wa jirani, alikuwa anaupiga mlango wetu kwa bega. Mlango uliingia ndani. Maji yalikuwa kiunoni.

Shangazi alikuwa ukumbini, ameziegemea nondo za dirisha kwa mgongo. Alikuwa amelala usingizi wa mchana. Aliamka godoro lilipolowa, akashusha miguu majini, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Alikuwa ameukunja kifuani mkono huo na umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Wa kushoto ameuinua juu, juu kabisa, na ndani yake kofia ya bwana harusi wa Mwera, kavu.

"Kofia ya watu," kaniambia aliponiona. Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba.

Jecha alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke kijana, ana haraka, barakoa usoni. Anamuuliza Shangazi huku anaandika. "Inauma sana?" "Naam." "Umekula?" "Naam." "Una presha?" "Naam." "Una kisukari? Unachoma sindano?" "Naam, mwanangu." Daktari akageuka kumwita muuguzi alete dawa.

Nikasema, "Hana kisukari. Hana presha. Hakusikii, daktari. Shangazi yangu hasikii."

Nililisema kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Na daktari alikuwa ameshusha barakoa ili azungumze nami vizuri, akalirudia neno lenyewe: hasikii? Shangazi akausoma mdomo wake. Akanitazama mimi. Akageukia ukutani na hajageuka mpaka sasa.

Mkono umevunjika pawili. Wa kushonea.

Jumapili, 26 Aprili

Maji yametoka, yameacha tope la kijivu mpaka nusu ya ukuta. Shangazi yuko kwa Bi Maisara, plasta mpaka kwenye kiwiko. Hasemi nami. Nilimpelekea uji, akaupokea kutoka mkononi mwa Bi Maisara.

Muhiddin alikuja asubuhi na ndoo na fagio, bila kuitwa. Sikumkaribisha wala sikumfukuza. Tumesomba tope mpaka adhuhuri bila ya kusemezana. Mimi nilikuwa nahesabu maneno nitakayomwambia, na yote yalikuwa mabaya.

Nikaanza: "Unajua kazi ya draiva yako imefanya nini?"

Akanawa mikono. Akakishusha kisanduku ukutani, akakifuta kwa shati lake, akatoa kompyuta kwenye mfuko wa nailoni. Akaniomba nikae. Sikukaa. Akakiunganisha kisanduku na draiva yake peke yake, bila ya programu yangu, akaandika swali: TAA? Akanigeuzia skrini.

HAIJULIKANI.

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Vya zamani ukiviuliza vinasema vina taa," Muhiddin kasema. "Hivi vipya ukiviuliza vinanyamaza. Mtengenezaji hakuviwekea jibu. Mie siwezi kusema ndiyo kwa niaba yao, na siwezi kusema hapana, sijavifungua. Ndiyo draiva inasema haijui. Toka siku ya kwanza inasema hivyo."

"Lakini kwangu imeandikwa ndiyo."

Hakunionesha. Aliniacha niufungue mwenyewe ule mstari wa programu yangu unaopokea jibu la draiva, nao ni mfupi, niliuandika mwezi wa pili siku moja nikiwa na njaa. Programu yangu inajua majibu mawili tu. Unasema kama jibu si hapana, basi ni ndiyo. Draiva ilikuwa inaiambia sijui, sijui, sijui, kila siku, na mimi nimeandika programu inayosikia naam.

Nikakaa kwenye tope.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka siku ile mlangoni. Ukasema una kazi."

"Na siku ile kwa bosi? Nilikuita muongo mbele ya bosi, Muhiddin. Ulikuwa unajua!"

"Nilijua nilipoiona skrini yako." Anaukunja ule mfuko wa nailoni, anaukunjua. "Ningesema nini, Bi Shemsa? Mbele ya bosi, kwamba kosa ni lako? Nilikustahi. Nikasema nitakuonesha tukiwa wawili."

"Ulinistahi mimi, akavunjika Shangazi."

"Ni kweli," kasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Ni kweli, na nitaulizwa."

Nilitaka kuendelea kumgombeza na sikupata pa kuanzia. Mwezi mzima nimekuwa nikijaza kurasa hizi kwa adabu ya watu wa kwao, chai ya kuazima sukari, inshaallah zake. Draiva yake ndiyo iliyokuwa inasema kweli katika ofisi nzima. Yeye ndiye aliyeshindwa kusema ilivyosema, na mimi ndiye niliyeshindwa kuuliza. Nimeona aibu mpaka kwenye ncha za vidole.

Jumanne, 28 Aprili

Nimemwambia Bwana Abdulhakim mbele ya wote kwamba mstari ulikuwa wangu. Muhiddin alitaka kuniingilia kati kunisitiri, nikamtazama, akanyamaza.

Kisha tukafanya kazi, na kwa mara ya kwanza nilimsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Ana mengi. Kasema draiva isimeze jibu la tatu, na programu isililazimishe kuwa la kwanza. Draiva ikisema haijui, programu ihesabu kuwa hakuna, impigie jirani. Kasema tena, jibu la siku ya kufungwa kisanduku lisiaminiwe masika yote, maana chombo kilichokuwa na taa mwezi wa tatu kinaweza kuwa hakina mwezi wa nne: unyevu, kutu, mende. Kiulizwe kila asubuhi. Na pale inapowezekana, draiva isitosheke na kuuliza, ijaribu: ipeleke umeme kidogo kwenye taa na itazame kama unapita.

"Mbona haya yote hukuyasema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naanza," kasema.

Bwana Abdulhakim alikuna kichwa. "Mtawachosha majirani. Watapigiwa simu bure kila mvua ikinyesha, mwisho wazime simu."

Jioni nilimuuliza Bi Maisara kama atachoka. Alikuwa anachuja tui. "Kushuka ngazi nikagonga mlango kunanipunguzia nini?" kasema. "Kilichonichosha ni kukaa pale na simu mkononi."

Jumatatu, 4 Mei

Mvua ndogo. Tumerudi nyumbani. Muhiddin ametufungia kisanduku cha zamani, na taa imewaka mbele ya macho yangu. Shangazi amegeuza uso.

Alhamisi, 7 Mei

Watu wa Mwera wamekuja kuchukua kofia. Haijaisha, imebaki upande mmoja. Shangazi amewaambia, "Naam, naam," wakadhani wiki ijayo itakuwa tayari. Nimetoka nao nje nikawaambia ukweli. Bwana harusi kasema ataivaa hivyo hivyo ilivyo, na upande ule atauweka nyuma.

Nilirudi ndani nikamkuta anajaribu kushika sindano kwa mkono wa kushoto. Nikatoka uani. Nikarudi. Nikatoka tena.

Jumanne, 12 Mei

Asubuhi kisanduku chetu kiliulizwa, umeme haukupita kwenye taa, draiva ikasema hapana. Unyevu. Mchana mvua ikanyesha, maji yakapita mstari kidogo, simu ya Bi Maisara ikalia, akashuka, akafungua mlango wetu kwa ufunguo niliompa, akamshika Shangazi bega. Maji hayakuingia hata kizingitini. Wamekaa juu mpaka alasiri wanakula mihogo. Bi Maisara kanisimulia kwamba Shangazi alimuuliza, "Nani kakwambia uje?" Akamjibu, akimtazama usoni na akilitamka kila neno, "Kisanduku chako kimesema hakiwezi leo. Ndiyo nikaja mie."

Shangazi aliugeuzageuza muhogo wake sahanini, kasema Bi Maisara. Kisha akaomba chumvi.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua imepungua. Muhiddin amevuka kwao kumwona mama yake, na ameniambia siku atakayorudi bila ya kusema inshaallah. Nimemwambia aseme, isije ikawa mkosi. Amecheka.

Jumanne, 19 Mei

Jua limetoka leo, jua la kweli, na mtaa mzima umeanika magodoro. Shangazi alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, mgongo kwangu, mkono wenye plasta umewekwa juu ya mto. Tangu hospitali hajaniambia neno lisilo la lazima. Nilikuwa mlangoni, ninatoka, nimeshavaa viatu, na mdomo ukasema wenyewe kwa mazoea, "Shangazi, nikuletee chai au maji?"

Nikangoja ile naam yake. Haikuja.

Aligeuza kichwa polepole. Alinitazama mdomoni, halafu machoni, na mashavu yake yalikuwa yanatetemeka kama mtu anayenyanyua kitu kizito.

"Umesema kitu," kasema. "Sikusikia. Njoo mbele yangu."

Nikavua viatu. Nikaenda nikakaa kitako mbele yake, nikamuuliza upya.